Ngolo Siyo Makaburi

Kaka Deo,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia kwa sauti, usimung'unye, maana najua umekaa wapi unaposoma hapa. Barua hii nimemkabidhi Koplo Hemedi, mwenzangu wa kikosini anayerudi likizo kwao Songea, na nimemkataza kupita kwako. Nimemwambia apande mpaka Mbinga, akodi pikipiki hadi kijijini, aiache kwa Baba Mdogo Kasian. Ndiyo, kwa huyo huyo. Halafu aende kwa mama amwambie: barua ya Skola imefika, iko kwa shemeji yako, mpeleke Deo huko akaisome. Bahasha sikuitia gundi. Baba Mdogo angetaka kuisoma angeisoma, ila mtoto wa jicho amemzidi, hata kalenda ya parokia anaisogeza mpaka puani. Kwa hiyo utamsomea wewe. Soma yote, hata pale ninapokusema vibaya. Ukiruka mstari mama atajua, kwa sababu ukiruka mstari huwa unakohoa, tangu ulipokuwa unasoma somo la kwanza kanisani.

Shikamoo kaka. Shikamoo Baba Mdogo. Mama, shikamoo, na goti je, limekuachia kidogo? Mimi nikisema ni mzima nitakuwa nimesema nusu. Mwili ni mzima. Nakula, nalala, risasi hazijanipata. Hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonikalisha hapa juu ya sanduku la mbao nikiandika na kalamu inayogoma, na hasira niliyo nayo, Deo, ungekuwa karibu ungekimbia.

Siku ile uliponipigia nilikuwa nimepanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao, askari wangu wananicheka kwa chini. Nikadhani ni habari za mama. Kumbe! Ukaniambia, "Skola, wewe ni mwanajeshi, wewe utanielewa. Hii sasa ni vita." Nikakuuliza vita gani. Ukasema vita ya shamba. Nikaanza kukujibu, ukanikatia. Nimekupigia mara ngapi tangu siku hiyo? Hupokei. Unapokea za vijana wako wa kitongoji, ya dada yako hupokei. Basi shika hii barua, hii huwezi kuikata.

Nayasema yote wazi hapa, ili mama asije akasimuliwa vingine. Baba alipofariki tulikuachia nyumba, mashamba na maneno ya kusema mbele za watu, na wanakijiji nao wakakuchagua mwenyekiti wa kitongoji. Sote tulifurahi. Baba Mdogo akalima ngolo zake, mashimo yetu ya kutuamisha maji ya mlima, kama kila mwaka pale juu mlimani, na safari hii akavuka lile jiwe jeupe la mpaka. Amevuka, sikatai. Wewe mwenyekiti ukafanya nini? Ulimwita? Ulimwuliza? Thubutu! Ulichukua vijana wenye majembe, mkapanda mlimani mchana kweupe mkafukia ngolo za mzee, shimo moja baada ya jingine, huku mkiimba. Mzee naye, badala ya kwenda kwa mama kusema, akashuka na panga akakata mibuni ya baba. Mibuni aliyoipanda baba mwaka niliozaliwa! Sasa wewe umetangaza kwamba misa ya kumbukumbu ya baba ikiisha tu, utaongoza vijana mpaka kwa Baba Mdogo kumaliza kazi. Na sengu, ile ya kula sinia moja na kumaliza maneno hapo hapo, umesema imekufa pamoja na baba.

Wifi Imakulata ndiye aliyenitumia ujumbe akaniambia hayo ya misa. Usimguse wifi. Nimesema, usimguse. Amefanya kazi ambayo ilikuwa yako.

Sasa nisikilize, nikueleze vita.

Huku ugenini tulikoletwa kulinda amani tupo juu ya kilima, turubai zetu zimepangwa kwenye mteremko, chini yetu kuna kijiji, na pembeni ya kijiji kuna watu waliokimbia kwao, wamejenga vibanda vya nyasi na maturubai yaliyochanika. Luteni wetu aliugua malaria akashushwa hospitali ya mjini, platuni ikabaki mikononi mwangu. Mimi, Sajenti Skolastika, mtoto wa kwenye milima ya kahawa, naitwa afande na wanaume wenye ndevu.

Mwanzoni mwa mvua aliletwa bwana mmoja kwa helikopta kutupa semina. Kichwa cha semina kilikuwa kirefu: amani ya moyoni na uongozi wa kujitambua wakati wa vita. Alikuwa na chupa yake ya maji na viatu vyeupe. Akatukalisha, akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi polepole, kila mtu aone mbele yake ziwa lililotulia. Ziwa ninalolijua mimi ni lile la Liuli, kwa dada Fotunata, na mara ya mwisho nililiona upepo wa mwera unavuma, mawimbi yanarusha mitumbwi mchangani kama vikapu. Nikafumbua macho. Wenzangu wamefumba, wengine wanakoroma. Yule bwana akatuambia kiongozi anayejitambua hakasiriki. Nikamnyooshea mkono nikamwuliza, "Na akiuliwa askari wake?" Akatabasamu. Akasema swali zuri, tutalirudia. Mawingu yalipoanza kufunga akapanda helikopta yake akaondoka, na swali langu likaondoka naye.

Haukupita muda mrefu, Saidi akauawa.

Saidi alikuwa kijana wa Lindi, mpishi wa chapati na mpiga soga wa platuni nzima. Alizoea kuniigiza nikitoa amri kwa lafudhi ya Kimatengo, na alikuwa akiniigiza vizuri kuliko ninavyosema mwenyewe. Walikwenda kuchota maji mtoni, njia ile ile ya kila siku, wakaviziwa na waasi wa msituni. Wenzake wakarudi wamembeba. Alikuwa bado anapumua walipofika getini. Nilimshika kichwa. Aliniita afande, halafu akaita mama, halafu basi.

Deo, ulishawahi kumshika mtu namna hiyo? Baba alikufa kitandani, padri ameshampa mafuta, mama amekaa miguuni. Tulilia, tukazika, tukala. Hicho ni kifo, si vita. Vita ni kuosha damu ya mtu kwenye mikono yako na maji aliyokwenda kuyachota yeye.

Askari wangu walianza kunong'ona. Njia ile, ukituondoa sisi, wanaijua wanakijiji peke yao, kwa hiyo kuna mtu kijijini amewauza. Hicho ndicho walichokuwa wakisema. Koplo Hemedi, huyu huyu aliyeileta barua hii, mtu mpole asiyejua kugombana hata na mbu, alinijia akasema, "Afande, tunasubiri nini? Tushuke. Tuwatoe wote nje, atajulikana." Nikamwangalia machoni, na Mungu anisamehe, nilikuwa nataka kumwambia twende. Sikuwa mtakatifu. Nilikuwa nimeshavaa kofia ya chuma. Nilijaribu ile pumzi ya yule bwana wa semina, nikavuta, nikatoa, nikazidi kukasirika.

Halafu mvua ikanyesha. Huku ikinyesha haiombi ruhusa. Maji yalishuka toka juu ya kilima yakapita katikati ya turubai zetu, yakabeba sufuria, viatu, mfuko wa unga, udongo mwekundu, yote chini. Nikasimama naangalia yale maji yanavyokimbia kuelekea kijijini, nikamkumbuka baba. Mama, unakumbuka? Baba akikasirika alikuwa haongei. Anachukua fyekeo anapanda mlimani, anafyeka majani, anayapanga chini mraba kwa mraba, mpaka jasho limtoke. Ukimpelekea maji unakuta mstari wa majani umenyooka na mzee anapiga mluzi. Nyinyi wanawake mnafuata na majembe, mnafukua katikati na kuyafunika yale majani kwa udongo. Maji ya mlimani yakija yanaingia kwenye mashimo, yanatuama, hayabomoi kitu.

Nikavua ile kofia ya chuma. Nikawaambia, "Leteni majembe yote na mapanga. Tunafyeka majani."

Loo, ungewaona! Watu wa pwani na watu wa Dodoma wanafyeka nyasi wamenuna. Mmoja akaniuliza, "Afande, sisi tumekuja kupigana au kulima?" Nikamjibu, "Umekuja kunisikiliza mimi. Fyeka." Nikapanga majani kwa mkono wangu mraba wa kwanza, wa pili, wakanielewa. Kisha nikawapa majembe wafukue. Sikuwaambia kwamba kwetu kufukua ni kazi ya wanawake. Nilikuja kuwaambia tumeshamaliza, wakanizomea mpaka nikacheka, cheko la kwanza tangu Saidi afe. Walikuwa wamechoka. Hemedi alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo lake, miguu ndani, analia wazi wazi, na hakuna aliyemcheka. Nikajiona kiongozi. Nikasema moyoni, yule bwana angerudi na viatu vyake vyeupe nimwonyeshe amani ya moyoni inavyofukuliwa.

Kaka, nilichofanya ni kosa ambalo ni Mmatengo peke yake angeweza kulifanya. Mimi nikiangalia mteremko ule niliona shamba. Nilikuwa naona mpaka maharage. Sasa simama wewe kule chini kijijini. Umekimbia kwenu, umezika watu wako kwenye mashimo yaliyofukuliwa haraka haraka. Juzi askari wa mlimani wameuliwa mwenzao, na unajua wanakushuku. Unainua macho unakuta askari hao hao wanachimba mashimo, mstari juu ya mstari, kilima kizima.

Walidhani tunawachimbia makaburi.

Tulisikia makelele kwanza. Hemedi alipanda juu ya magunia ya mchanga akaangalia na darubini, akasema, "Afande, wanahama." Kweli. Akina mama wamebeba magodoro kichwani, watoto mgongoni, wanakimbilia msituni, huko huko walikotoka wale waliomwua Saidi. Na vijana wao hawakukimbia. Walikusanyika njiani na mapanga na mawe, wakaanza kupanda kuja kwetu. Askari wangu wakaacha majembe. Usiniulize ilichukua muda gani, nilichosikia ni bunduki zinakokiwa, kulia kwangu na kushoto. Jiwe la kwanza likampata kijana wa Dodoma kwenye shavu. Damu. Hemedi ananiambia, "Afande, toa amri. Toa amri!"

Hapo ndipo ninapotaka utulie, Deo. Usikohoe.

Vijana wale walikuwa na haki ya kukasirika. Wangu nao walikuwa na haki ya kukasirika. Kila upande una maiti wake, kila upande una sababu nzuri ya kueleza mbele ya padri. Na wote wananiangalia mimi, hata wale wa chini walikuwa wananiangalia mimi, maana mwenye kutoa amri anajulikana hata kwa mbali. Na mimi nikaikuta ile hasira iko pale pale. Haijaenda popote. Haikufukuliwa na jembe wala haikutolewa na pumzi. Ila ilikuwa imetuama. Nilikuwa naiona kama maji ndani ya ngolo, najua kina chake, haikuwa inanibeba. Hicho kidogo ndicho nilichokuwa nacho. Sikuwa na kingine.

Nikasema, "Bunduki chini." Nikasema mara moja tu. Nikaweka yangu chini, nikaingia jikoni nikachota maharage kwenye gunia, nikashuka mpaka ngolo ya mwisho ya chini, ile iliyo karibu nao kabisa. Nikaanza kupanda. Natoboa udongo kwa kidole juu ya tuta, naweka maharage, nafukia. Natoboa, naweka, nafukia. Mawe yakapita mawili hivi juu ya mgongo wangu. Kisha yakaacha.

Akaja mama mmoja. Wanamwita Mama Furaha, anauza mihogo pale njia panda, namjua kwa sura. Alipita katikati ya vijana wao akaja mpaka ukingoni mwa ngolo. Wanaongea Kiswahili chao, ila utaelewa. Akaniuliza, "Ile mashimo muko nachimba ni ya nani? Ni ya batoto betu?"

Nikaendelea kufukia. Kwanza nilikuwa sijaelewa. Nilipoelewa, Yesu na Maria, nilihisi mtu amenimwagia maji ya baridi. Nikamfungulia kiganja akaona maharage. Akashuka ndani ya shimo mwenyewe. Akavuta udongo wa tuta kwa mkono, akakuta majani chini yake. Akaangalia juu, akaangalia mistari yote, akafuata kwa kidole maji yatakavyopita. Halafu akanipiga kibao cha begani, cha nguvu, mbele ya platuni nzima. Akasema, "Sema kwanza, mama! Mutu wa bunduki akichimba shimo, aseme kwanza ni ya nini!" Na akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, na kijana wa Dodoma juu kule ameshika shavu anauliza wenzake kuna nini.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyekufa siku ile. Ila ingeweza, kwa shimo tu, kwa jambo ninalolijua tangu utotoni na sikufikiri kulisema. Nilifikiri kuongoza ni kuwatuliza walio wangu. Sikufikiri juu ya anayeniangalia kutoka chini.

Siku iliyofuata nikaita sengu. Usicheke. Nikawaambia wazee wao waje na chakula chao na sisi tutoe chetu, sinia moja, na kwamba kwa sheria ya kwetu hakuna atakayetaja Saidi wala kijiji wala njia ya mtoni kabla mikono yetu sote haijagusa sinia lile lile. Hemedi alikataa kukaa. Nikamwambia, "Huna haja ya kuwapenda. Nawa mikono." Akanawa. Akakaa mbali na wenzake, akala tonge moja. Baadaye wazee wakasema kwamba njia ya mtoni hawakuitaja kwa mtu, wengine wakasema huenda kuna kijana wao ametishwa akasema, wakagombana wenyewe kwa wenyewe pale pale, na sisi tukasikia hofu yao. Mpaka leo sijui nani alimwuza Saidi. Pengine sitajua. Linaniuma kila nikila chapati mbovu ya mpishi mpya. Lakini njiani siku hizi vijana wao wanatangulia mbele yetu tukienda kuchota maji, na maharage yameota.

Haya. Sasa turudi kwako, mwenyekiti.

Umesema hii ni vita. Umeshika neno ambalo hulijui uzito wake ukalibeba kama begi jipya. Eti vita! Una mama, una mke, una paa, una kahawa, una mlima mzima wa kukutosha wewe na Baba Mdogo na wajukuu zenu, halafu unakwenda kuitafuta vita kwa miguu. Huku watu wanaikimbia bila viatu. Nimekaa huku nalinda amani ya watu wasio ndugu zangu, kumbe ndugu yangu mwenyewe anachoma ya kwetu! Najiona mjinga, Deo. Umenifanya nijione mjinga.

Na vijana wako nao ni watoto wa watu. Unawapanga unawaongoza, unadhani wanakufuata kwa sababu una akili. Wanakufuata kwa sababu wamekasirishwa na mambo mengine, na wewe umewapa mahali pa kumwaga. Siku wakimkata Baba Mdogo, hao watakuwa msituni au rumande, na mama zao watakuja kumlilia nani? Watakuja kumlilia mama yetu.

Baba Mdogo, najua unasikiliza umeinamisha kichwa unajidai huhusiki. Unahusika sana. Ulivuka jiwe jeupe ukijua unavuka. Ulifikiri kaka yako amekufa, mtoto hataona. Alipoona akafanya ujinga, wewe mtu mzima ukafanya ujinga mkubwa zaidi. Mibuni ile ilikuwa na kosa gani? Nisamehe kwa kukusema hivi, mimi ni mtoto wako na bado nakuheshimu, lakini nikinyamaza nitapasuka.

Na kuna jambo moja ambalo nyote wawili mmelisahau kwa hasira, na ndilo linalonikosesha usingizi huku. Ngolo zilizofukiwa ziko juu. Chini yake ni shamba la mama. Chini ya shamba la mama ni kaburi la baba. Mvua zinakuja. Maji ya mlima ule yalikuwa yanatuama kwenye ngolo za Baba Mdogo, ndizo zilizokuwa zinamkinga baba. Mwaka huu hakuna kitakachoyazuia. Mtakwenda kwenye misa ya kumbukumbu, mtamwombea marehemu, kisha mtakwenda kuuana, na mvua ya kwanza itashuka na udongo mpaka kwenye kaburi lake. Huku watu walidhani ngolo zangu ni makaburi. Walikosea. Zenu mkiziacha hivyo zilivyo, hawatakuwa wamekosea.

Kwa hiyo sikuombi, kaka. Nakuagiza, kama ninavyoagiza platuni. Kesho asubuhi panda mlimani na fyekeo la baba, ulitafute mwenyewe lilipo, maana wifi amelificha. Wachukue vijana wale wale. Kabla hujagusa jani moja, wasimamishe uwaambie, kwa sauti na kwa kinywa chako, mnafanya nini na kwa nini, wasikie na watu wa chini wasikie. Pangeni majani, fukueni zile ngolo upya, mpaka kwenye jiwe jeupe. Baba Mdogo atasimama hapo hapo kwenye jiwe aonyeshe mwisho wake, na akisogeza mguu mama atamwona. Miche ya kahawa ataileta yeye. Hasira yako kaa nayo, sikukatazi, hata yangu ninayo. Itafutie tu shimo la kutuama.

Hamtapendana kesho. Sijasema mpendane. Nimesema mfukue.

Mama, nakusalimu tena, usimwache Deo atoke hapo kabla hajamaliza. Wifi Imakulata umsalimu kwa moyo wote, mwambie zawadi yake iko ndani ya begi la Hemedi. Dada Fotunata wa Liuli na shemeji yangu mvuvi wapelekeeni salamu, wakipata usipa waniwekee wa kukaushwa, nikirudi nile mpaka nisahau chakula cha makopo. Katekista wetu mwambieni aniombee, na amtaje Saidi, hata kama hakuwa Mkristo, Mungu atajua la kufanya. Wazee wa mlimani wote waliokuwa wakila sengu na baba, waambieni Skola anawaamkia.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado amekasirika,
Skolastika

Deo, umefika mwisho. Umekaa na Baba Mdogo muda wote wa barua hii, mmesikilizana, na hakuna aliyekufa. Nilimtuma Hemedi amwambie mama aje na ugali. Naweni mikono.